Ukumbi wa Maswali: Mwanafunzi wa Udaktari Asome Sera ya Afya kwa Faida Gani?

Barua zilizotufikia safari hii nyingi zinazunguka jambo moja, nalo ni vipindi vya sera ya afya vinavyoingizwa katika mafunzo ya madaktari. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoibua mjadala wenyewe.

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne hapa Dar es Salaam. Muhula huu tumepangiwa vipindi vya sera ya afya, na wengi wetu tunaviona kama adhabu. Dozi za watoto hazijatukaa kichwani, picha ya kifua bado inatusumbua kuisoma, na mitihani ya wodini inatungoja. Halafu tunatakiwa kukariri mwaka ambao uchangiaji wa huduma, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama, ulianza. Naomba unijibu bila kunipamba: mgonjwa aliyelala mbele yangu anafaidika nini nikiyajua hayo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kama vipindi vyenu ni vya kukariri miaka, malalamiko yako ni ya haki, na ningekuwa darasani humo ningelalamika nawe. Kujua kwamba uchangiaji katika hospitali za umma ulianza 1993 hakumponyi mtu. Hata hivyo, kujua kwamba upo, nani amesamehewa, na nani anaubeba mzigo wa msamaha huo, kunaweza kuamua kama mgonjwa wako atarudi kesho kuendelea na sindano au atabaki nyumbani.

Nikueleze kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mtarajali, yaani daktari aliyetoka chuoni anayejifunza kazi chini ya usimamizi, katika hospitali ya ngazi ya wilaya, nilikuwa na mazoea ya kuandika antibayotiki moja ya sindano niliyoizoea katika hospitali kubwa nilikosomea. Karibu wiki nzima ndugu wa wagonjwa walirudi kutoka dirisha la dawa wakiwa na cheti kile kile mkononi, nami nikawa nagombana na mfamasia kwa kuamini kwamba ni mzembe. Siku moja akaniletea wodini mwongozo wa taifa wa matibabu pamoja na orodha ya dawa muhimu, akaufungua, akaweka kidole kwenye herufi iliyo pembeni mwa jina la dawa yangu. Kumbe kila dawa katika orodha hiyo imewekewa alama ya ngazi ya kituo inakoanza kutumika, kuanzia zahanati hadi hospitali za ubingwa, na dawa niliyoing'ang'ania ilikuwa ya ngazi iliyo juu yetu. Hospitali isingeiagiza kutoka Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, kwa utaratibu wa kawaida, na bima isingemlipia mwanachama wake. Wakati huo huo, kabatini mlikuwa na dawa nyingine iliyowafaa wagonjwa wale wale. Mama mmoja alikuwa amekwisha kukopa kwa jirani ili anunue ya kwangu katika duka la nje. Famakolojia nilikuwa nimefaulu vizuri tu. Kilichomgharimu yule mama ni kutojua kwangu jinsi orodha inavyopangwa na nani anayeipanga.

Huo ni mfano mdogo. Mkubwa zaidi ni wa malaria, na kila mtu mzima anayesoma ukurasa huu aliupitia mwilini mwake. Kwa miongo mingi, homa ilipopanda, dawa ilikuwa klorokwini: vidonge vichungu, vya bei ya chini kabisa, vilivyowawasha watu ngozi mpaka wakakosa usingizi. Miaka ya tisini waganga wakaanza kuona watoto waliomaliza dozi wakirudi na homa ile ile na vimelea vile vile. Daktari mmoja kwenye wodi moja anaweza kuona jambo hilo, akashangaa, akabadilisha dawa kwa mgonjwa wake, na mambo yakaishia hapo. Ili nchi nzima ibadilike, watoto waliotibiwa walipaswa kufuatiliwa katika vituo vya uangalizi na damu yao kupimwa tena siku kadhaa baada ya dozi, takwimu hizo zikafikishwa wizarani, watu wakaketi na kuulizana maswali ambayo hayamo katika vitabu vya tiba: dawa mpya itagharimu kiasi gani, nani atailipia, akiba ya klorokwini iliyoko madukani itafanywaje, na waganga wa zahanati zote watafundishwa lini. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, Kenya 1998, na Tanzania Bara ikafuata 2001 kwa kuweka SP (sulfadoksini na pirimethamini) mahali pake.

Hapo ndipo somo linapokolea. SP ilikuwa na nguvu dhidi ya vimelea kuliko klorokwini, lakini haikushusha homa upesi kama watu walivyozoea. Mama alimpa mtoto dawa usiku, akaamka na kumkuta bado anachemka, akahitimisha kwamba dawa ni ya bure. Huku nyuma uvumi juu ya watu waliobabuka ngozi ukaenea kuliko maelezo ya wizara. Daktari aliyeelewa sababu ya badiliko alikaa na mama huyo dakika tano, akamweleza, akampa na panado. Asiyeelewa alinung'unika pamoja naye. Upinzani wa vimelea dhidi ya SP nao haukuchelewa, na mwishoni mwa 2006 Tanzania Bara ikaingia kwenye dawa mseto ya ALu (artemeta na lumefantrini pamoja), ambayo mtu mzima humeza vidonge 24 kwa siku tatu. Zanzibar ilikuwa imetangulia kuanza dawa mseto tangu 2003. Bei ya dawa mseto ilikuwa mara nyingi zaidi ya ile ya klorokwini, kiasi kwamba bila fedha za Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, badiliko lile lingebaki kwenye karatasi. Kuanzia 2010 dawa hizo zikapewa ruzuku hata katika maduka binafsi, zikiwa na alama ya jani la kijani kwenye pakiti. Unapoandika ALu leo kwa sekunde tatu, mwanangu, kalamu yako inapita juu ya mabishano ya miaka kumi, na siku ALu itakapoanza kushindwa, ni kizazi chako kitakachoulizwa kinaona nini wodini.

Kwa hiyo zisome dozi zako. Ila usizidharau zile saa chache za sera, na mwalimu akianza kuwakaririsha miaka, mwombe kwa adabu awaeleze dawa moja tu ilivyofika hadi dirishani.

Swali: Daktari, mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Tanga. Nilifanya kazi zaidi ya miaka thelathini. Nimesikia vijana wanafundishwa sera, nami nina hofu, kwa maana niliwahi kuona mganga mzuri akiharibikiwa baada ya kujiingiza katika siasa. Daktari atibu, siasa awaachie wenyewe. Nimekosea?

Jibu: Shikamoo, Sista. Hofu yako ina sababu, na nisingependa kijana yeyote atumie koti jeupe kuombea kura wodini. Lakini naona lugha yetu yenyewe inatuchanganya kidogo. Wewe na mimi tulikua wakati neno siasa lilibeba mizigo miwili: tulisema siasa ya ujamaa na kujitegemea tukiwa na maana ya mwelekeo wa nchi, na tukasema siasa tukiwa na maana ya mikutano na vyeo. Siku hizi mwelekeo tunauita sera, na vyeo vimebaki na jina la zamani, ila hofu ya kimoja bado inaambukiza kingine.

Nikukumbushe kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, maana bila shaka uliishuhudia. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho na kuhara, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Ule ulikuwa uamuzi wa serikali, uliopangwa na watu wa elimu ya watu wazima wakishirikiana na watu wa afya. Daktari aliyejifungia chumbani akitibu kuhara kwa kichupa kimoja baada ya kingine asingefikia sehemu ya kumi ya kilichofanywa na majembe yale.

Na hata ninyi wauguzi na waganga mliofanya kazi wilayani mlikuwa matunda ya sera. Nchi ilipopata uhuru, madaktari wazalendo walihesabika kwa vidole, ndipo mwaka 1963 yakaanzishwa mafunzo ya madaktari wasaidizi, waliokuja kufanya upasuaji wa kujifungua mahali ambapo daktari mwenye shahada hakufika kwa miaka mingi. Palikuwa na wataalamu walioguna, wakiona kwamba kisu kinapewa mtu asiyestahili. Waliofanya uamuzi ule walipiga hesabu ya akina mama ambao wangekufa wakimsubiri anayestahili.

Nitaongeza tarakimu mbili tu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Sidai kwamba sera peke yake ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na makadirio ya aina hii yana mapana yake, maana namba halisi yaweza kuwa juu au chini ya hapo. Hata hivyo, vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji katika kipindi hicho havikuota vyenyewe. Kuna mtu aliyeketi akaamua kwamba fedha ziende tarafani badala ya kuongezwa mjini, na ningependa aketipo mtu huyo awepo karibu naye daktari anayejua damu ya mzazi inavyotoka.

Swali: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni daktari mtarajali, Kanda ya Ziwa. Nakubaliana na umuhimu wa sera, lakini sina mamlaka yoyote. Nikiingia zamu naagizwa, nikitoka nimechoka. Mtu kama mimi anaweza kufanya nini hasa?

Jibu: Salama, na pole kwa zamu. Mengi kuliko unavyodhani, na la kwanza ni la kuchosha: andika vizuri. Rejista za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, mnazozijaza mkiwa mmesinzia ndizo macho ya wizara. Ukiandika "homa" pale ambapo kipimo kimeonyesha malaria, au ukiacha safu ya utambuzi wa ugonjwa wazi kwa kuwa foleni ni ndefu, ugonjwa huo haukuwepo katika wilaya yako kwa mwaka ule. Dawa huombwa kwa kufuata matumizi yaliyoandikwa, na mpango kabambe wa afya wa halmashauri hujengwa juu ya takwimu hizo hizo. Nimewahi kuona kituo kinaletewa dawa pungufu mfululizo, kila mtu akailaumu Bohari, hadi ilipobainika kwamba nusu ya wagonjwa walitibiwa bila kuandikwa.

Fomu za bima nazo ni hivyo hivyo. Mtarajali huziona kama karatasi za wahasibu, lakini fomu yenye saini pungufu au ugonjwa usiolingana na dawa hurudishwa bila kulipwa, na fedha hiyo isiyolipwa ndiyo iliyokuwa inunue glavu za mwezi ujao. Jambo hili litazidi kuwa zito, kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na wewe utafanya kazi maisha yako yote chini ya utaratibu wa aina hiyo.

La pili, hudhuria vikao ambavyo wenzako huvikwepa. Kikao cha kupitia kifo cha mzazi ni darasa la sera kuliko ukumbi wowote wa chuo. Humo utasikia kwamba mama alifika akiwa hai, kwamba damu haikuwepo, kwamba gari la wagonjwa lilikuwa halina mafuta, kwamba zahanati ilichelewa kumpa rufaa kwa sababu mhudumu alikuwa peke yake. Kila sentensi kati ya hizo ina mwenyewe: nyingine ni ya halmashauri, nyingine ya mpango wa damu salama, nyingine ya ajira zinazotolewa na serikali kuu. Kijana asiyejua nani ana nini hutoka kikaoni akiwa amemlaumu muuguzi wa zamu, na kifo kama kile hurudi.

La tatu ni la kujiandaa, nami nalisisitiza kuliko yote. Una miezi kumi na miwili ya utarajali. Baada yake, ukipangiwa kituo cha afya cha tarafani, inawezekana kabisa ukakabidhiwa cheo cha mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kabla hujazoea mvua za huko. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za serikali na wafadhili wa mfuko wa pamoja zinapelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo. Maana yake wewe ndiye utakayeandaa bajeti, utakayekaa na kamati ya usimamizi wa kituo iliyojaa wananchi wanaoijua sehemu hiyo kuliko wewe, na utakayesimama mbele ya diwani akuulize kwa nini hakuna dawa ya shinikizo la damu. Mimi niliulizwa swali hilo miaka mingi iliyopita, kabla ya utaratibu huo, nikajibu kwamba wizara haijaleta. Mzee mmoja akanisahihisha hadharani kwamba kituo chetu kiko chini ya halmashauri, halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na wizara ya afya kazi yake kubwa ni sera na miongozo. Alikuwa mkulima wa mahindi. Sijawahi kuona aibu ya namna ile katika mtihani wowote wa upasuaji.

Kama unataka zoezi la kuanzia, mwombe Mganga Mkuu wa Wilaya akuruhusu ukae siku mbili na timu yake wakati wa kuandaa mpango wa mwaka. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mabishano ya nani apewe nini hufanyika miezi mingi kabla, na anayekuja Juni na malalamiko hukuta sahani zimekwisha kuoshwa. Soma pia hotuba ya bajeti ya wizara inayosomwa bungeni: iko kwa Kiswahili, haihitaji shahada ya uchumi, na inaonyesha ni magonjwa gani yamepewa fungu na yapi yamepewa maneno.

Swali: Mimi niko Mombasa, nasomea udaktari mwaka wa tano. Huku kwetu hospitali ziko chini ya kaunti. Dawa zikikosekana, serikali ya taifa hulaumu kaunti, na kaunti hulaumu taifa. Sera gani hasa niisome?

Jibu: Anza na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ukurasa wenyewe si mrefu. Utaona kwamba serikali ya taifa imepewa sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, ilhali kaunti zimepewa vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti, gari za wagonjwa na huduma za msingi. Ukiwa na mgawanyo huo kichwani, nusu ya lawama unazozisikia redioni utajua papo hapo ni za nani. Baada ya hapo fuatilia mabadiliko ya bima ya Oktoba 2024, NHIF, mfuko wa bima wa taifa wa zamani, ilipoipisha SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii, kwa maana wagonjwa watakuuliza wewe kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote. Na kama mgomo wa madaktari wa siku mia moja wa 2016 hadi 2017, au ule wa 2024 uliohusu pamoja na mengine malipo ya madaktari wanagenzi (ndio watarajali wa huku kwetu), ulikufunza jambo, basi ni kwamba mkataba uliosainiwa bila kuonyeshwa fedha zitatoka fungu gani ni karatasi. Mwanagenzi anayejua kusoma bajeti huliona hilo mapema.

Swali: Mwanangu Daktari, nina miaka 71, niko Morogoro. Nilikwenda hospitali moja, daktari kijana akanitibu vizuri sana kwa heshima, lakini nilipomuuliza kuhusu matibabu ya bure ya wazee akasema hilo halijui, niende kulipa. Nililipa. Je, ilikuwa kazi yake kujua?

Jibu: Shikamoo, baba. Ndiyo, ilikuwa kazi yake, ingawa simlaumu peke yake, kwa kuwa inawezekana hakuna aliyemwonyesha hata chumba cha ustawi wa jamii kilipo. Utaratibu uliopo ni kwamba wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, watoto walio chini ya miaka mitano na wajawazito wamesamehewa kuchangia katika vituo vya umma. Tatizo ni kwamba msamaha hutangazwa juu, na gharama yake hubaki chini kwenye kituo, ndiyo maana wakati mwingine utaona watumishi hawana haraka ya kukukumbusha haki yako.

Safari nyingine, kabla ya kufika kwenye dirisha la malipo, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nenda na kitambulisho chako cha mzee kama halmashauri imekupatia. Kama huna, pitia kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji wakuandikie barua inayotaja umri na hali yako. Risiti ulizolipia usizitupe. Mpelekee mganga mfawidhi pamoja na barua hiyo, umweleze kwa utulivu kama ulivyonieleza mimi, na yule daktari kijana akiwepo mwombe naye aingie asikilize.